Konokono Ndani ya Kofia ya Baba

Jamani, aibu hii nimeificha miaka, na hata leo nikipita karibu na ile hoteli nahisi masikio yanawaka moto, lakini kwa kuwa mmenibana niseme kwa nini sitaki kusikia habari za konokono, haya, sogeeni, ila atakayecheka sana nitamnyima chai.

Ilikuwa ule mwaka uliofuata mvua za Elnino. Mimi, Riziki binti wa Msambweni, nilikuwa msafishaji katika hoteli moja ya Diani, zamu yangu mapokezi, na pale mapokezi palikuwa na tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari, mawe ya mwambani na kamba mmoja wa mistari myekundu na myeupe, ambaye meneja alimpenda kuliko sisi wafanyakazi (wallahi, yeye aliulizwa hali kila asubuhi, sisi tuliulizwa kwa nini tumechelewa). Sasa baba yangu hakuitaka kazi ile. Tangu mama afariki tulikuwa tumebaki mimi na yeye tu, na kwake hoteli ni mahali binti wa watu anapopotelea. Mwishowe akaniambia, "Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiridhika, utaendelea. Nisiporidhika, utarudi nyumbani na tusigombane." Nami kazi naipenda, lakini bila radhi ya baba nisingeifanya.

Basi nikataka baba akiingia kila kitu king'ae. Shida ikawa lile tangi, maana kioo chake kilikuwa na utando wa kijani ambao ukisugua leo kesho umerudi, na mimi kwa akili zangu nyingi nikakumbuka konokono weusi wa miamba ya kwetu, wanavyolamba jiwe mpaka likatakata. Nikajiambia, Riziki, ya nini ujichoshe na vibarua wapo? Maji yalipokupwa nikaokota kikopo tele, nikawamimina tangini, wala sikumuuliza mtu. (Wale ni konokono wa pale bahari inapojaa na kutoka, hawakai majini siku nzima, lazima wapande juu, na mimi mtoto wa pwani nalijua hilo, ila siku ile akili ilikuwa likizo.)

Kesho yake, ndiyo siku ya baba, nafika kazini nakuta kamba yuko chali ndani ya tangi, chini kabisa, amepauka, hatikisiki, na konokono mmoja amemkalia. Nikapiga ukelele, "Wamemuua! Konokono wamemuua kamba wa meneja!" Wageni waliokuwa wakingoja funguo wote wakageuka. Ndipo Kilonzo wa mapokezi, mtu wa Makueni asiyejua kunong'ona, akasema, "Riziki, wachana na huyo amededi, cheki hawa wengine wanatoroka!" Natazama, mamangu wee! Konokono wako ukutani, wako mezani kwenye kengele, mmoja amejibandika kwenye mkoba wa bibi wa Kizungu na mwenyewe hana habari.

Nikavua viatu, nikajitupa sakafuni kuwafukuzia, kichwa chini ya kochi, makalio juu, nalia huku namwomba msamaha marehemu kamba, na hapo hapo nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua tangu utotoni.

"Hodi. Asalaam aleikum."

Nikatoka chini ya kochi na konokono mkononi na vumbi kichwani. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo kazi yenyewe?"

Kilonzo alicheka mpaka akashika ukuta. Meneja naye ndio anatoka ofisini, anauliza kuna nini. Nikajua leo nimekosa vyote viwili, kazi na radhi, nikaangua kilio mbele ya kadamnasi. "Baba, nilitaka ukute pazuri. Nimeua kiumbe wa watu."

Baba akasogea kwenye kioo, akachungulia wee, kisha akaniita kwa mkono. Nyuma ya jiwe zilikuwa zinachezacheza sharubu nyeupe, na kamba, mzima wa afya, amemshika konokono aliyepinduka anamchokoa nyama polepole, kama mtu aliyealikwa pilau. Kile nilichokililia kilikuwa gamba lake tu, alikuwa amelivua akaliacha. Nimewasingizia konokono uuaji, kumbe wao ndio wanaoliwa (na waliokimbilia ukutani nawapa haki yao).

Meneja akashusha pumzi. "Riziki, hao wageni wako wapeleke kwao sasa hivi."

Nikatafuta kikopo changu, sikioni. Ndipo baba akainua mkono, akavua kofia. Nyinyi hamkumjua baba. Kofia ile alishonewa na mama kwa mkono wake, haikutoka sandukuni ila Ijumaa na Idi, na siku ile kwa ajili yangu, na kichwa wazi mbele za watu sikuwahi kumwona. Akaigeuza, akaninyooshea. "Watie humu." Akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, tukawaokota pamoja, hata yule wa mkobani, baba akamwomba bibi wa watu kwa ishara, naye akacheka akampa.

Tulipofika getini akasimama. "Nilikuwa nikiogopa hoteli itakufanya moyo mgumu," akasema. "Udogoni ulikuwa ukilia kuku akichinjwa, na leo nimekukuta unamlilia kamba. Hawajakuharibu. Fanya kazi, mwanangu. Radhi yangu unayo."

Nikaishika kofia kwa mikono miwili. Konokono mmoja alikuwa anapanda ukingoni, baba akamrudisha ndani kwa kidole.

Tangu siku ile kioo nilikisugua mwenyewe, na konokono sijamgusa tena, wala sitamgusa. Baba, Mungu amrehemu, mpaka siku zake za mwisho nikitoka kazini hakuniulizia mimi kwanza, aliuliza, "Kamba hajambo?" Nami namjibu, hajambo, baba. Kofia ninayo mimi sasa. Nimeifua mara nyingi, lakini ndani, kwenye ushonaji wa mama, kuna doa la utelezi wa konokono ambalo halijatoka, na siku hizi nikiifua pale sipasugui.