Wiki ya Thelathini na Moja ya Wambura

Wambura alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kanja, na alipopata mimba alijua wiki anayoiogopa. Dada yake mkubwa, Ruguru, alifariki mimba yake ikiwa na wiki thelathini na nne. Asubuhi alilalamika kuumwa kichwa, akanywa dawa ya maumivu, na kabla ya saa sita alianguka jikoni akitetemeka mwili mzima. Wambura ndiye aliyemshika.

Yeye mwenyewe alipofika wiki ya thelathini, muuguzi wa kliniki, sista Lydiah, alimpima presha, akampima tena. Ilikuwa imepanda, na mkojo ulikuwa na protini. Wambura hakuhisi ugonjwa wowote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana Ruguru naye, usiku wa kuamkia siku ile, alilala akiwa mzima. Lydiah alimwandikia barua, akamwambia aende hospitali ya Embu siku hiyohiyo, asipitie nyumbani.

Huko alipokelewa na Daktari Ngari. Alimweleza kwamba damu yake ingepimwa kuangalia ini, figo na chembe zinazogandisha damu. Tena wangepima vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Kondo likipata shida, kimoja huzidi na kingine hupungua, mara nyingine kabla mama hajahisi lolote. Majibu yalichukua saa nne. Mumewe Njuki, mwalimu wa shule ya msingi, alifika na vumbi la chaki kwenye koti, wakaketi pamoja kwenye benchi.

"Mama, ini na figo ziko sawa leo," Ngari alisema alipowaita. "Lakini vile vitu viwili vimeachana sana. Kipimo hakisemi lazima utaugua. Kinasema hatari ni kubwa kwa hizi wiki mbili zijazo. Ningependa usitoke hapa."

Njuki aliuliza kama wangeweza kwenda kuchukua nguo, warudi kesho.

"Mimi siendi popote," Wambura akasema. "Nguo utaleta wewe."

Alilazwa, akapewa dawa za presha na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Kila asubuhi alitolewa damu, kisha akamsubiri daktari akiwa ameshika shuka kwa mikono yote miwili. Siku ya tano aliona aibu kukalia kitanda bila kuumwa, akakaribia kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Siku ya sita, akinywa uji, aliona vimulimuli machoni, kisha maumivu yakamkaza chini ya mbavu za kulia. Alimwita muuguzi kwa sauti ndogo, akiogopa kwamba akipaza, degedege lingeanza. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka karibu nusu. Walimwekea dripu ya kuzuia kifafa cha mimba, wakamsukuma kwenda kupasuliwa.

"Daktari, nitatetemeka?" aliuliza.

"Sijui, mama. Ndiyo maana tunaharakisha."

Hakutetemeka. Alizaliwa msichana wa kilo moja na nusu, akakimbizwa kwenye joto la wodi ya watoto wachanga. Wambura aliambiwa kwamba hatari haiishi mara tu mtoto akitoka, kwa hiyo siku mbili hakulala vizuri. Siku ya tatu walimpeleka kumwona binti yake. Alisimama mbali, mikono nyuma, hadi muuguzi alipomfungua gauni kifuani na kumlaza mtoto pale, ngozi kwa ngozi. Walikaa hivyo mchana wote, na siku zilizofuata, wiki tano nzima, kabla ya kuruhusiwa kurudi Kanja.