Jicho la Maji la Kaisho na Ukuta Nilioubomoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba kokoto tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Nilikuwa nimevuka Mto Kagera kwa mtumbwi kutoka kwetu Ankole, mfukoni nina barua ya kanisa letu iliyosema kijana huyu amejitolea kusaidia kazi ya maji upande wa Karagwe. Elimu yangu ilikuwa darasa la nne. Ndoto zangu ndizo zilizokuwa za chuo kikuu: niliamini kwamba kabla ya Krismasi watu wa nchi nzima watakuwa wanakunywa maji safi, na wataniimbia.

Aliyenipokea katika kijiji cha Ndama ni Fundi Mkuu, Mhaya wa Muleba, mnene, mwenye kicheko kifupi kama kikohozi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mshahara wako umeandikwa wapi?"

"Sina mshahara. Nimejitolea."

"Loo! Basi wewe ndiye utakayebeba kokoto. Hawa wengine nikiwachosha watadai."

Kazi yetu ilikuwa kujenga chemchemi. Ninyi vijana mnaofungua bomba na kuondoka, sikilizeni ilivyokuwa. Kwanza unatafuta jicho, yaani mahali hasa maji yanapotoka ardhini. Unachimba taratibu kwa sururu kulifuata, mpaka ulione likibubujika kwenye mwamba. Unalizungushia kokoto zilizooshwa, ziwe kichujio. Nyuma na juu unakandika udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie. Mbele unasimamisha ukuta wa mawe na saruji, na ndani yake unapitisha bomba la kutolea maji.

Sheria ya kwanza Fundi Mkuu alinifundisha kwa kunishika sikio. Aliweka pima maji, ule ubao wenye kichupa cha povu, akaniinamisha nitazame.

"Bomba likae wapi?"

"Sawa na jicho, Fundi, au chini yake."

"Na ukilipandisha juu?"

"Maji yatajaa nyuma ya ukuta."

"Yakijaa yatalikandamiza jicho. Jicho likikandamizwa linahama. Maji ni kama mke, ukimbana sana utaamka amekwenda kwao."

Kutoka Ndama tulihamishiwa Igurwa, na huko nikapewa mwiko wa uashi mkononi. Mwaka uliofuata tukapelekwa Kaisho. Nilikuwa nimeanza kuota ndoto kwa Kinyambo, lugha ya huko, nakunywa bushera, uji wao wa mtama, kama mwenyeji, na hakuna aliyeniuliza tena nitarudi lini.

Chemchemi ya Kaisho ilikuwa ndiyo pekee isiyokauka kiangazi. Migomba, kahawa, watu, ng'ombe, wote waliitegemea. Wafugaji walikuwa na utaratibu wao. Kila asubuhi walifinyanga upya kibumbiro, hori refu la udongo la kunyweshea ng'ombe, maana la jana limekwisha kukanyagwa. Watu walichota kwanza, ndama wakafuata, kisha makundi makubwa kwa zamu. Aliyesimamia zamu hizo ni mfugaji aliyeitwa Bitegeko, Mkristo wa kila Jumapili, mdomo wake mkali kuliko fimbo yake.

"Enyi watu wa saruji," alituambia siku tuliyofika, "mimi nakufa kwa mambo mengi, ila sitaki kufa kwa kiu mbele ya chemchemi ya baba zangu."

"Mzee, hapa patakuwa pazuri," nikamwambia. "Naweka mkono wangu."

"Mkono wako nimeuona. Haujaota hata sugu za kutosha."

Ahadi hiyo ndiyo iliyonifunga. Maana bosi wa kazi, Bwana Msimamizi, alikuja na mchoro mpya. Alikuwa Mzungu aliyejitolea kama mimi, katoka mbali kuliko mimi, na sitamsema vibaya moyo wake: nilimwona akiosha vidonda vya watu kwa mikono yake. Lakini alitaka maji yafike shule ya misheni, iliyokuwa juu kidogo ya jicho. Kwa hiyo bomba lipandishwe mita moja na nusu.

Nikamtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akatazama mwiko wake.

"Bwana," nikasema, "jicho litahama."

"Wewe umesoma wapi mambo ya maji?"

"Ndama, Bwana. Kwa huyu Fundi."

"Fundi, ni kweli?"

Yule mtu aliyenivuta sikio kwa sheria hiyo akajibu polepole, "Labda litastahimili, Bwana."

Sikugusa saruji ya ukuta ule. Niliambiwa niende kuosha kokoto, nikaenda, na ukuta ukajengwa bila mimi. Siku ya kwanza maji yalipanda, watoto wa shule wakapiga vigelegele. Nami nilifurahi, siwadanganyi. Nilitamani sana kuwa nimekosea. Siku ya tatu yalipungua. Siku ya tano bomba lilidondosha matone tu, na shamba la migomba lililokuwa chini, upande wa kushoto, likaanza kulowa bila mvua. Maji yalikuwa yanatafuta njia nyingine ndani ya ardhi. Yakishaizoea, hakuna fundi wa kuyarudisha.

Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye kibumbiro kikavu, wanalia. Bitegeko hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mkono wako uko wapi?"

Nikachukua nyundo kubwa na sururu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipiga ukuta ule mbele ya watu wote, na pigo la saba lilipotoa jiwe la katikati, maji yalitoka kwa nguvu yakaniangusha chali kwenye matope. Watu wakacheka. Mimi pia.

Bwana Msimamizi alishuka mbio kutoka shuleni.

"Nani amekuagiza?"

"Hakuna, Bwana."

"Umefukuzwa kazi!"

"Kunifukuza huwezi, Bwana. Hukuniajiri. Nimejitolea, na bado sijamaliza."

"Nitaandika barua kwa kanisa lako!"

"Andika, Bwana. Ila naomba wapishe akina mama, wanaleta udongo."

Maana walikuwa tayari wanaleta. Udongo ule wa kibumbiro, waliouzoea tangu utoto, ndio mfinyanzi bora niliowahi kukandika. Akina mama waliukanda kwa miguu, Bitegeko akaupanga mwenyewe nyuma ya jicho. Adhuhuri Fundi Mkuu akaja na pima maji yake. Alipiga magoti, akalinganisha bomba na jicho. Kisha akachukua mwiko, tukausimamisha ukuta upya, safari hii bomba likiwa chini.

Unyevu wa shambani ulikauka baada ya juma moja. Maji yalirudi bombani.

Barua iliandikwa kweli, na jina langu likafutwa kwenye orodha ya waliojitolea. Nikabaki Kaisho bila orodha, nikajenga chemchemi nyingine kwa kuitwa na vijiji, mpaka magoti yalipokataa. Shule haikupata bomba. Watoto waliendelea kuteka maji na kupanda nayo kilima, wakiwa na ndoo vichwani, na kila nilipowaona iliniuma. Inaniuma hata leo. Ila waliteka maji yaliyokuwapo.

Sasa nimestaafu, na kamati ya kanisa imeniomba niandike kumbukumbu hizi kwa ajili yenu. Karani wake, kijana mwenye adabu sana, alikuja jana na ombi: niongeze sentensi moja ya majuto, kwamba ujana ulinipotosha nikawakosea wakubwa, ili vijana wajifunze utii.

Sentensi yenyewe hii hapa, karani, uipige chapa kama ilivyo. Niliuvunja ukuta ule mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kama Mungu angenirudishia magoti ningeanza na pigo la kwanza siku ile ile ya kwanza, kabla saruji haijakauka.