Saa Inayokula Jasho

Donatien wa Sange alitaka kitu kimoja tu duniani: kuchaguliwa mkubwa wa mfereji, yule anayegawa zamu za maji katika mashamba ya mpunga. Na kwa kuwa aliamini cheo huanzia mkononi, aliuza ng'ombe, akateremka mjini Uvira, akarudi na saa mpya, nzito, inayometameta.

Saa yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ya betri, yenye vijisahani vitatu usoni na kitufe cha kupima muda: ukibonyeza maji yanapoingia shambani, ukabonyeza tena yanapofungwa, hakuna wa kukudanganya. Lakini ilikuwa ya bei rahisi, na cha bei rahisi hakigombei uongozi. Akamwachia mkewe Émérance, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda mferejini.

Hii mpya ilikuwa saa ya wazamiaji. Inazama mita mia mbili bila kuingiwa na tone. Mfereji wa Sange, ukifurika sana, unafika magotini.

"Hii haina betri," Donatien aliwatangazia wanachama wa mfereji kila mkutano, akipandisha mkono wa shati. "Inaishi na nguvu ya mukono ya mwenyewe, mukono ikitembea nayo inatembea. Muntu muvivu hawezi kuivaa, itamufia!"

Maneno mazuri, ubaya wake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Donatien alikuwa mtu wa kiti. Akishinda ameketi kutoa mawazo, kesho yake saa imekata roho. Alijaribu kuitikisa, majirani wakadhani anafukuza nzi. Ndipo akapata akili: asubuhi anamvisha mkewe aende nayo kulima, jioni anaivua kwenye mkono wenye tope, anaipangusa, anakwenda nayo mkutanoni ikitembea vizuri kabisa. Hivyo Émérance akawa analima na saa mbili, moja ya kupima maji, nyingine ya kulishwa. Kweli, mwenye uso mkavu haoni haya.

Siku ya kura ikafika. Émérance alikuwa Runingu msibani wiki nzima, na Donatien, kwa haraka ya kupiga pasi suruali, aliivaa saa bila kuiangalia.

"Papa Donatien," akasema mzee Niyongabo, mwenyekiti, "weye uko na saa ya nguvu. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi kamili!" akajibu kwa sauti ya uongozi.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda upande wa Burundi. Watu wakacheka. Donatien akatikisa mkono, akatikisa tena, jasho likimtoka. Wakati huohuo Émérance akaingia, moja kwa moja kutoka safarini. Mumewe akaivua saa, akamsukumia.

"Mama Ishimwe, vaa kidogo!"

Émérance alikuwa amechoka, wala hakuwa na nia mbaya. "Baba Ishimwe, leo siendi kulima. Leo iko kura."

Niyongabo akatazama mikono ya yule mama, yenye sugu. "Kumbe ile mukono ya mwenyewe ni hii?"

Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Kura zikapigwa, na Donatien hakupata hata ya shemeji yake. Walimchagua Émérance.

Sasa anagawa maji kwa saa ile ya betri, na hakuna anayelalamika. Kulima hana nafasi tena, kwa hiyo jembe limemwangukia mumewe. Siku hizi ukitaka kujua kama Donatien amelima, usimwulize habari za shamba. Mwulize ni saa ngapi.