Bangili zimeonekana, Mama Gazeti bado ni mwizi

Saa moja asubuhi. Lori limerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni, wabebaji wanne wamekwisha kukunja mikono ya mashati, na mwanamke aliyeletwa kufunga vyombo amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma. Hagusi kitu.

"Kaka, dada, samahani," anawaambia wenye nyumba, mume na mke wanaohamia upande wa pili wa jiji. "Kabla sijaanza, kila mmoja aende akachukue alichokificha."

Mke anacheka. "Tumeficha nini? Kwani sisi tuna nini cha kuficha?"

"Sijui, dada. Mimi nangoja tu."

Mume anatazama dari. Mwishowe mke anaingia chumbani na kutoka na kifurushi alichokichomoa ndani ya foronya, akakitia kwenye mkoba wake na kuuvaa mkoba shingoni. Mama Gazeti, yule mfungaji, bado hajasogea. Sasa ni zamu ya mume, ambaye jasho limeanza kumtoka ingawa jua bado halijakaza. Anapanda kiti, anashusha saa ya ukutani, na kubandua bahasha iliyogundishwa nyuma yake.

"Na hiyo?" mkewe anauliza.

"Ya dharura."

"Dharura gani nisiyoijua mimi?"

Wabebaji wanageukia dirishani, mabega yakiwatikisika. Mama Gazeti hacheki. Anapiga magoti mbele ya kabati, anafungua bunda lake la magazeti ya zamani na kuchukua kikombe cha kwanza.

Jina hilo la Mama Gazeti alipewa na dereva wa lori, na limemganda. Hununua magazeti yaliyosalia kwa wauzaji, kwa kilo, na huyatumia kufungia kila kinachoweza kuvunjika. Ukimtazama akifanya kazi unaweza kudhani anacheza. Glasi anaijaza karatasi tumboni kwanza, kisha anaiviringisha na kukunja ncha ndani. Sahani anazisimamisha kwenye boksi, hazilazi, kwa sababu sahani iliyolala hupasuka lori likiruka tuta. Selotepu anaikata kwa meno. Kazi hii ameifanya miaka minane katika kampuni moja ya kuhamisha mizigo, na anasema glasi alizovunja hazijazi mkono.

Mji huu unakua kama unga wa hamira. Kila mwezi kuna mtaa mpya, na kila mtaa mpya unaletewa makochi, vitanda na makabati kutoka kwingine. Watu wanapiga simu, wanapatana bei, wanaletewa lori na watu. Kisha, kabla hao watu hawajafika, wanazunguka nyumba kuficha vitu vya thamani. Wanawakodi watu wawabebee maisha yao yote, na hapo hapo wanawahesabu kuwa wezi.

Hilo Mama Gazeti hakulijali sana zamani. "Mtu ana haki ya kulinda chake," anasema. "Shida si kuficha. Shida ni kuficha halafu ukasahau."

Mwaka jana kampuni ilimtuma yeye na wenzake kwenye mji mdogo, mwendo wa nusu siku, kumhamisha mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amepandishwa cheo na kuletwa huku. Mama huyo alimfuata chumba kwa chumba kama askari jela. Akifunga jikoni, yuko mlangoni. Akienda kunywa maji, yuko nyuma.

Jikoni kulikuwa na chupa ya chai kuukuu, ya kutunza moto, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimepasuka. Mama Gazeti aliinyanyua, ikalia ndani kama kioo kilichovunjika.

"Nikamuuliza, 'Dada, hii imeshakufa, tuitupe?' Alikuwa kwenye simu anamgombeza fundi. Hata hakugeuka. Akasema, 'Wewe funga tu, usinichagulie.' Basi nikaifunga. Kurasa mbili za michezo. Niliifunga vizuri kama kitu kizima."

Siku ya pili mizigo ilishushwa katika nyumba mpya. Majirani walikuwa wamejitokeza kumkaribisha mgeni wao. Makochi yalikuwa bado uani pale yule mama alipotoka mbio chumbani, uso umembadilika. Bangili zake za dhahabu, alizoachiwa na marehemu mama yake, hazipo. Alikuwa ameziweka ndani ya mto, na mto ni mtupu.

Hakuuliza. Alinyoosha kidole.

"Ni huyu," alisema. "Huyu ndiye alikuwa chumbani kwangu. Mwizi ni huyu."

Mama Gazeti anaeleza hayo bila kupandisha sauti, lakini gazeti lililo mkononi mwake amelikunja mpaka limekuwa dogo kama kiberiti. "Nilimwambia, 'Dada, nipekue hapa hapa.' Nikavua kitambaa kichwani mbele ya wabebaji, vijana ninaoweza kuwazaa. Nikakung'uta sketi. Majirani wanatazama. Wamekuja kumwona mgeni, wakaonyeshwa mwizi."

Hakukutwa na kitu, na bado alipelekwa kituoni. Alilala mahabusu. Kesho yake askari wawili walikwenda kupekua chumba anachoishi na mama mkwe wake, kwa kuwa mume wake alifariki zamani na wajane hao wawili waliamua kubaki pamoja. Walipindua godoro, wakamwaga unga kwenye beseni, wakachana mto. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda akiwatazama.

"Pindueni, wanangu," aliwaambia. "Lakini mkimaliza mtatandika."

Hawakutandika.

Kesi haikufika popote, maana hakukuwa na ushahidi, lakini kampuni ilimwambia akae nyumbani kwanza. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kukaa nyumbani kwanza ni kufukuzwa kwa lugha ya adabu. Kwa wiki tano alifua nguo za watu, wale waliokubali nguo zao ziingie mikononi mwake.

Sasa soma pole pole, kwa maana hapa ndipo damu inapochemka.

Katika wiki ya tano, dereva wa kampuni alitumwa kwa yule mama kurudisha ngazi iliyokuwa imesahaulika kwenye lori. Msaidizi wa nyumbani alimfungulia geti, na kwa kuwa ni binti mwenye maneno yake, akamwambia, "Zile bangili mbona zilionekana zamani? Zilikuwa ndani ya chupa mbovu ya chai. Nilikuwa naitupa, nikasikia inalia." Alisema hivyo akidhani kila mtu anajua. Dereva akauliza zamani lini. Binti akahesabu kwa vidole: wiki ya pili tangu wahamie.

Kwa hiyo, kwa wiki tatu nzima, mwenye bangili alizivaa. Alikwenda nazo sokoni, akapunga mkono nazo kwa majirani wale wale. Namba ya simu ya kampuni alikuwa nayo, maana ndiyo aliyoipiga kushtaki. Kupiga mara ya pili kukamshinda.

Mama Gazeti anajua vizuri ilivyokuwa, na anaieleza kama fundi anayeeleza ajali. "Wiki ya kuhama mtu haifichi dhahabu mara moja. Anaificha ndani ya mto, roho haitulii, anaitoa anaiweka jikoni. Halafu fundi anapiga simu, mtoto analia, lori limefika. Akija kukumbuka, anakumbuka pale pa kwanza. Mimi simlaumu kwa kusahau. Ningekuwa mimi ningesahau pia."

Analikunjua lile gazeti na kulinyoosha gotini. "Zilisafiri mikononi mwangu, salama, hazikupata hata mkwaruzo. Nani mwingine angeifunga chupa mbovu kwa kurasa mbili?"

Kampuni ilimrudisha kazini. Msimamizi wake, mtu mpole mwenye tai, anaona mambo yalikwisha vizuri. "Mteja ni mteja," alisema alipoulizwa kama kuna barua yoyote iliyoandikwa kumsafisha mfanyakazi wao. "Tulimrudisha, na zamu zake hazikupungua. Tungefanya nini zaidi? Tukimsumbua mteja, kesho atakwenda kwa wenzetu."

Yule mama alipatikana kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya kistaarabu mpaka aliposikia habari ya bangili.

"Hayo yalishapita," alisema. "Kazi si alirudishiwa? Sasa anataka nini tena?" Simu ikakatwa.

Anachotaka kinaning'inia, au tuseme kilikuwa kikining'inia, kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Ni ufunguo. Akina mama wa mtaa wake wana kikundi, na kikundi kina stoo ya viti, masufuria makubwa na maturubai ya kuazimana kwenye harusi na misiba. Mwenye ufunguo ndiye anayegongewa mlango mtu akifiwa. Miaka sita ufunguo huo ulikaa kwake, na hakupotea hata mwiko. Wiki aliyotoka mahabusu, wenzake wawili walimjia, wakakaa, wakasifu chai yake, kisha wakauomba.

Bangili zilipoonekana alikwenda kuwaambia. Walimpokea vizuri. Ufunguo hawakumpa.

Mwenyekiti wa kikundi hakukwepa swali. "Mimi binafsi namwamini, ni mwenzangu," alisema, akikunja na kukunjua ncha ya kanga. "Lakini aliitwa mwizi na mwenye mali, na anayesema si mwizi ni dereva, mwenzake wa kazi. Watu wanasema anamfunika. Huyo mwenye bangili akija, akasema neno moja tu mbele yetu, ufunguo narudisha siku hiyo hiyo."

Neno moja tu. Gharama yake ni nauli na aibu ya dakika chache. Mwanamke mwingine amekwisha kulipa miezi kumi na moja ya kuona watu wakikimbilia kuanua nguo kwenye kamba kila apitapo.

Mama mkwe ana maoni yake, na hayafai kuandikwa yote. "Huyo mwanamke alikuwa na mdomo mkubwa uani," anasema. "Umekwenda wapi?"

Kwenye nyumba ya asubuhi, kazi imekwisha. Mke na mume wa bahasha hawajasemezana tangu saa ya ukutani iliposhuka, lakini kila kilicho chao kiko mikononi mwao, na hakuna atakayemnyooshea mtu kidole jioni. Mama Gazeti anaandika VIOO kwenye boksi la mwisho na kuliweka juu ya mengine.

Anamuuliza mwandishi kama jina la yule mama litatoka gazetini. Anajibiwa kwamba akitaka, linaweza kutoka.

"Usiliandike," anasema. "Mimi najua kutajwa mbele ya watu kukoje. Nataka aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme."

Kisha anauliza makala itatoka siku gani. Atamwambia muuza magazeti amwekee yote yatakayobaki. Wenye nyumba ni wengi, anasema, mji unahama kila siku, na wanawake wa mtaa ule wa yule mama wanajuana na wanatembeleana.

"Ukurasa huu nitafungia glasi," anasema, akinyoosha mgongo. "Karatasi za mabakuli watu wanazichana tu wakiwa na haraka. Glasi wanaifungua pole pole, wanaikunjua karatasi yote. Hapo watasoma."