Mama Mkwe na Matambara ya Dirishani

Usiku ule nililala nimejipongeza. Baridi ya Makete mwezi wa sita haina adabu, na safari hii nilikuwa na mzazi ndani ya nyumba: binti yangu Upendo, aliyekuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kitoto chenyewe kitovu kilikuwa hakijadondoka. Mchana kutwa nilishinda juu ya ngazi. Kila tundu la hewa juu ya madirisha nililiziba kwa matambara, uwazi kati ya ukuta na bati nikaushindilia magunia ya viazi, na chini ya mlango nikakandamiza kitenge. Mume wangu alikuwa amepeleka mbao Makambako, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniuliza maswali. Jioni niliwasha mkaa nje, nikasubiri ushike mpaka ukawa mwekundu bila hata uzi wa moshi, ndipo nikaingiza jiko chumbani kwa Upendo. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Tunasema moshi ndio mbaya, mkaa ulioshika hauna neno. Nikaenda kulala chumba cha pili, mlango wa kati nikauacha wazi ili nimsikie mtoto.

Usingizi ulinichukua vibaya, nikawa nagaagaa. Nikasikia kitu kinachomolewa ukutani. Nikainua macho, namwona mama mkwe wangu yuko juu ya ngazi.

Mama mkwe alifariki kabla hatujaijenga nyumba hii. Aliishi na kufa katika kijumba chake cha nyasi, na tangu niolewe hakuwahi kusifu kazi ya mikono yangu. Ugali wangu ulikuwa mbichi, shamba langu lilikuwa na magugu, hata mwanawe alikonda kwa sababu yangu. Sasa yuko pekupeku juu ya ngazi yangu, amevaa sweta lake la kijani, anayachomoa matambara yangu moja moja na kuyatupa sakafuni.

"Shikamoo, mama," nasema, maana hata ndotoni adabu ni adabu.

Haitikii. Anachomoa tu.

Nikapandwa na hasira. Kafa, kazikwa, bado anakuja kunikosoa! Nikaokota tambara, nikalirudisha. Akachomoa jingine. Nakimbilia ukuta huu, yeye yuko kwenye ule. Nyumba ikaanza kuongezeka kuta. Kila nikigeuka naona ukuta mpya wenye tundu jipya, na upepo unapiga mluzi ndani yake. Nataka kumfokea, ulimi mzito. Kichwa kinagonga kama mtu anatwanga humo ndani.

Halafu hatuko tena mle. Tuko katika kijumba chake cha nyasi, na mimi ni mke mpya, nimepiga magoti napuliza kuni. Macho yananiwasha. Moshi unapanda, unapenya kwenye nyasi za paa, unakwenda zake. Nilivyouchukia moshi ule! Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, ananitazama kwa huruma. Huruma ile sikuizoea, na ilinitisha kuliko maneno yake yote makali.

"Mama Upendo," akaniita, jina ambalo siku za kijumba kile sikuwa nalo bado. "Kwako moshi unatokea wapi?"

"Kwangu hakuna moshi, mama. Mimi natumia mkaa."

"Upo," akasema. "Wa kwangu angalau uliuona, ukakohoa, ukatoka nje."

Nikataka kubishana naye, lakini alikuwa ameshasimama, na mgongoni mwake naona amembeba mtoto wa Upendo. Anafungua mlango, anatoka. Nje shamba la viazi limekuwa jeupe lote kwa sakitu, majani yameungua kwa baridi. Anakanyaga sakitu kwa nyayo tupu na wala hatetemeki. Namfuata. Miguu hainyanyuki, nimekuwa kama mtu anayetembea kwenye matope. Kadiri ninavyojivuta ndivyo anavyozidi kwenda, na kichwa cha mtoto kinacheza mgongoni mwake bila kofia.

"Mama, mrudishe! Baridi itamwua!"

Akageuka. Akamshusha mtoto, akamwinua kwa mikono miwili palipokuwa na upepo mkali zaidi.

"Huku anapumua."

Nikaamka.

Ndoto ilikuwa imekwisha, lakini kichwa kiliendelea kugonga, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikasimama, nikaanguka. "Upendo!" Upendo ambaye mtoto akipiga chafya tu anaruka, hakuitika. Nikatambaa hadi chumbani kwake. Jiko lilikuwa linang'aa jekundu, safi, na hapakuwa na moshi wowote wa kuona. Ndipo nikaelewa nilichoambiwa: sumu ilikuwa ndani ya hewa ile ile ya joto niliyokuwa nimeifungia kwa mikono yangu.

Nikampapasa mtoto, nikamkumbatia, nikaupiga mlango wa nje kwa bega hadi ukafunguka. Nikamlaza kwenye maranda ya mbao nje, chini ya anga lililojaa nyota, nikarudi ndani huku nimebana pumzi. Nikamshika Upendo kwapani, nikamburuta mpaka barazani. Alikuwa mzito mno. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema.

Baridi ilipompiga usoni akashtuka, akatapika, akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni mwanawe amelala nje kwenye maranda.

"Mama, una wazimu?" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mtoto mchanga, kwenye baridi hii? Mwingize ndani!"

"Ndani haingii mtu."

"Mama!"

Nilikuwa nimepiga magoti, nimeweka sikio kwenye kile kifua kidogo, nasikiliza. Upendo akaelewa. Akaja kwa kutambaa, akaushika mkono wa mwanawe. Tukasubiri.

Mtoto akakohoa. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira, na baridi yote ya Makete ikamwingia kifuani. Upendo akavua kanga yake amfunike, nikamwambia mfunike mwili, mdomo uache, mwache alie.