Ugunduzi Wangu wa Mtoto Asiyeongea

Jamani, nimeshajicheka vya kutosha, sasa zamu yenu. Mimi hutafiti jinsi watoto wanavyojifunza kuongea, na mwezi uliopita nilipanda milima ya Uluguru kurekodi watoto wa chekechea. Skolastika, wa miaka sita, aliingia nikiwa nahangaika na kinasa sauti kipya, sijui hata kama kinarekodi. Nilipomwonyesha picha ya mbuzi, kimya. Picha ya jembe, kimya. Hata jina lake hakutaja. Moyo ukanidunda kwa furaha: nimempata mtoto aliyechelewa kuongea! Nikamwandikia msimamizi wangu wa utafiti kule chuoni Mazimbu ujumbe wenye alama saba za mshangao.

Kesho yake nikawaita mwalimu mkuu na bibi wa mtoto, ili nishauri apelekwe shule maalumu. Nikabonyeza kinasa kwa mbwembwe. "Sikilizeni kimya hiki!"

"Shikamoo," ikasema sauti nyembamba. Kimya. "Shikamoo, mwalimu." Kimya. "Shikamoo." Kisha sauti yangu: "Hili dude leo vipi?"

Bibi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huyu tumemfundisha asiongee na mkubwa kabla hajaitikiwa salamu. Mpaka leo anasubiri marahaba yako."