Mvunja kokoto wa Kakuyuni aliyemwokoa dereva akajifunga mwenyewe

Jua linapanda Kakuyuni, na Kahonzi ameshakaa zamani juu ya kipande cha tairi kuukuu, magongo yake mawili yamelazwa ubavuni. Analibana jiwe kwa pete ya mpira lisije likamrukia usoni, kisha analigonga kwa nyundo mpaka lipasuke. Vipande hivyo ndivyo kokoto zinazochanganywa na saruji kujengea majumba ya Malindi, majumba ambayo yeye hajawahi kuyaingia.

Mguu wake wa kulia unaishia chini ya goti. Ameufunika kwa leso na kuikaza fundo. Asema si kwa sababu ya haya. Wanunuzi wakiuona huingiwa na huruma, na mtu mwenye huruma huondoka upesi bila kununua.

Zamani alikuwa akijaza lori zima kwa majuma mawili. Siku hizi mwezi unakwisha na lundo halijafika nusu, maana mawe ya kuvunja lazima aletewe na mtu, na mtu huyo naye ana lake la kufanya. Ana miaka arobaini na saba, mjane, watoto watatu. Kazi nyingine haijui.

Mguu huo aliupoteza hapo hapo alipokaa, mwaka juzi, kwa lori lililokuja kubeba kokoto zake mwenyewe. Lo! Hata kusimulia kunatia uchungu.

Dereva alikuwa Dzombo, mtoto wa kaka yake wa ukoo, anayemwita tsangazi, ndiyo shangazi kwa Kigiriama. Huyu si dereva wa kuokotwa njiani. Alipotaka kwenda kujifunza gari, ukoo ulichanga, na Kahonzi alitoa mauzo ya lundo zima la kokoto. Leseni ilipotoka, ilipitishwa mkono kwa mkono nyumba hadi nyumba, na wazee wakaishika kwa mikono miwili.

Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba lori halirudi nyuma mpaka utingo asimame nyuma yake na kuita njoo, njoo. Siku hiyo utingo alikuwa amekwenda kutafuta chapati. Wanawake wengine wavunja mawe walikuwa mazishini. Dzombo alikuwa na haraka, hakungoja. Kahonzi alipiga kelele, lakini sauti yake ikamezwa na injini.

Alipozinduka hospitalini, mguu haukuwapo. Aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda ni wifi yake, mamake Dzombo, analia kimya kimya. Polisi walikuwa njiani kuja kuandika maelezo. Wifi alimwambia kwamba kijana akifungwa leseni itakwenda, na leseni ile ni jasho la ukoo mzima. Akamwomba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani.

Kahonzi naye, na dawa za usingizi bado zimo mwilini, akawaambia polisi kwamba kosa ni lake. Alisema aliondoka mahali pake, akapita nyuma ya lori ilhali dereva amemwonya. Uongo mtupu. Siku ya tatu tangu atoke hospitalini, ukoo ulileta mbuzi na tembo la mnazi nyumbani kwake, maneno ya upatanisho yakasemwa, watu wakala, wakatawanyika.

Moyoni alikuwa na hesabu yake. Kijana atapona, na fidia itatoka kwa mwenye lori, tajiri mmoja wa mjini mwenye magari mengi na bima. Aliwaona hao kuwa watu wawili na kesi mbili. Nani angemfundisha vingine? Huku kwao, anayekata kesi hutazama nani ana uwezo wa kulipa, kisha humwambia alipe.

Aliyemfumbua macho ni wakili wake, Bi Yesha, binti wa familia ya wenye maduka mjini Malindi, aliyeichukua kesi bila kudai malipo ya kwanza. Kahonzi anayakumbuka maneno yake yote.

“Mama, mwenye lori hashtakiwi kwa kuwa ana lori. Anashtakiwa kwa kosa la dereva wake. Wewe umesema dereva hana kosa. Sasa tumdai nini?”

Asema alihisi kama mguu unakatwa mara ya pili, na safari hii yu macho.

Mawakili wa mwenye lori wameyashikilia maneno ya Kahonzi ya hospitalini, na nani angeyaachia? Tajiri mwenyewe hakukubali kuzungumza na gazeti hili, alituma mtu kusema shauri liko mahakamani. Limebaki tumaini moja, kwamba Kahonzi apande kizimbani mwezi ujao, akiri kuwa alidanganya, kisha amtaje Dzombo. Hakimu akimsadiki, atapata mguu wa bandia na akiba ya kuanzisha kibanda. Akimsadiki, huenda pia polisi wakamrudia kijana. Asipomsadiki, ataondoka bila mguu, bila fidia, na bila ukoo.

Alitumaini Dzombo angemwondolea mzigo huo kwa kujitokeza mwenyewe. Mwanzo kijana aliahidi, tena kwa machozi. Baadaye tajiri akamrudishia usukani wa lori lile lile, na ahadi ikapoa. Alipoulizwa na mwandishi huyu kwenye kituo cha mafuta, hakuinua macho.

“Tsangazi alinisamehe mbele ya watu,” alisema. “Mambo yale yaliisha. Nami nina watoto.”

Bi Yesha amemfanyisha Kahonzi mazoezi ofisini mwake. Humuuliza siku ile nani alikosa. Mara tatu ameulizwa, na mara zote tatu jina limekataa kutoka. Machozi hushuka, nao huahirisha.

Kwa hivyo mpango wake ni huu, na hana mwingine. Kila asubuhi analitamka jina peke yake, huku akigonga mawe, mpaka mdomo ulizoee. Dzombo alikosa. Dzombo hakungoja utingo. Asema hapa, akiwa na mawe tu, linatoka vizuri.

Lori linatokea upande wa Malindi, tupu, linarukaruka barabarani. Linapofika usawa wa lundo, honi inalia mara mbili. Ndivyo Dzombo anavyomsalimu shangazi yake kila apitapo.

Kahonzi analiacha neno katikati. Mkono wenye nyundo umeshanyanyuka, unapunga, na unaendelea kupunga hata baada ya lori kupita.

“Ni mtoto wetu,” anasema, bila kumtazama mtu. “Nitafanyaje?”

Kisha anaokota jiwe jingine, analivisha pete ya mpira, na kuanza upya tangu jina.